Kitabu cha Wiki cha Bi Mahfudha

"Hodi!" Bi Mahfudha aligonga mlango kwa kiwiko, maana mkono mmoja ulibeba kikapu cha koni za hina na mwingine ulikumbatia mto mdogo wa kulazia mikono ya maharusi. "Hodi jamani, mtia hina nishafika!"

Aliyefungua ni Nasriya, mama wa bibi harusi, kavaa dera la jikoni, rola kichwani na unga hadi kwenye viwiko. Nyuma yake ukumbi ulikuwa umevurugika vilivyo. Mazulia yamekunjwa, makochi yamepandishana, mapazia yote yako chini yakingoja kufuliwa. Nasriya alifumbua kinywa, akakifumba, akakifumbua tena.

Sasa, mtu asiyelelewa katika nyumba hizi za Waomani waliotoka Unguja atauliza, taabu iko wapi? Si angesema tu, da Mahfudha, leo Jumanne, hina ni Alkhamis? Na kweli hina ilikuwa Alkhamis. Lakini kumwambia mgeni aliyekwisha fika mlangoni kwamba hakutarajiwa ni kumfukuza, tena na kikapu chake, na Nasriya alikuwa radhi afanye kazi ya siku mbili kwa saa moja kuliko kubeba aibu hiyo.

"Karibu, karibu! Wallahi tulikuwa tunakungojea wewe tu!"

"Nnaona hamjapamba," alisema Bi Mahfudha, akiruka zulia.

"Tunapamba... kidogo kidogo. Hadeel! Njoo chini, khalti Mahfudha kaja kukutia hina!"

Juu ghorofani kitu kilianguka.

Bi Mahfudha alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na mitano kati ya hiyo ameipitisha kainamia mikono ya watu. Ndiye aliyemtia Nasriya mwenyewe hina ya harusi, yeye na dada zake watatu. Lakini siku hizi Maskati nzima imejaa wasichana wenye kurasa mitandaoni na hina nyeupe, ambayo si hina hata kidogo, ni rangi tu iliyojipa jina la wenyewe. Ilikuwa miezi tisa sasa hajashika mkono wa bibi harusi. Aliitwa kuwatia vikongwe, na watoto siku za Idi, na kila alipotoka huko alirudi kwake Al Khuwair chakula hakimpiti. Basi Nasriya alipomtumia ujumbe kwamba hina ya Hadeel ni tarehe kumi na nane, Bi Mahfudha alilia, akaona haya kwa kulia, kisha akaenda kununua ndimu za kukandia hina.

Tarehe ile aliiandika ndani ya kitabu cha wiki, cha kupangia kazi zake. Aliletewa na mpwa wake Nouf, aliyekwenda Japani kutembea na kurudi na ushauri. "Khalti, kazi haiendeshwi kwa kichwa siku hizi." Kila wiki ilikuwa na safu saba, majina ya siku kwa Kijapani, na safu ya mwisho nyekundu. Nouf alitaka kumweleza, akaambiwa hapana haja. Nyekundu ni siku ya mapumziko, kila kalenda ya dukani inalijua hilo, na siku ya mapumziko ni Ijumaa. Kabla yake ni Alkhamis, na ukirudi hivyo hivyo mpaka juu unaikuta Jumamosi, siku ya mosi, pale pale panapostahili. Alifurahi mno kuona Wajapani wanahesabu siku kama Waswahili. Kumi na nane ilikuwa safu ya nne, basi ni Jumanne, mjadala wa nini? Akawasifu hata akina Nasriya kwa kuwahi, hina ipate kukolea kabla ya harusi ya Ijumaa.

Hadeel alishuka kavaa nguo za kulalia, uso mzima umepakwa udongo wa urembo, macho mawili tu yakiwaka. Mama yake akamvuta jikoni. Bi Mahfudha alisikia "mwambie wewe", akasikia na "sithubutu", akatabasamu. Kiwewe cha harusi hicho, alishakiona sana.

Bibi harusi alirudi amenawa, akakaa, akautoa mkono wa kulia kama anayempa daktari.

"Unataka maua gani, mwanangu?"

"Yoyote, khalti."

Neno lile lilimchoma. Bibi harusi anayeitaka hina yako hasemi yoyote. Hata hivyo Bi Mahfudha aliulaza mkono juu ya mto, akabana koni, akaanza kwenye kifundo, taratibu, uzi mwembamba usiokatika. Nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na vigelegele, wala shangazi arubaini kila mmoja akielekeza ua likae wapi. Uzi ulipofika kidole cha tatu, mabega ya Hadeel yalianza kushuka.

"Khalti, mama alikuwa akiogopa, siku yake?"

"Mama yako? Alinishika kidevu na hina mbichi mkononi, akaniambia nimtoroshe kwa mlango wa nyuma. Kidevu changu kilikuwa chekundu wiki mbili."

Hadeel alicheka hadi koni ikabidi iinuliwe juu. Alipomaliza kucheka alisema kwa sauti ndogo kwamba anakwenda kukaa Nizwa, nyumba ya watu kumi na mmoja, naye hajui hata kukaanga yai.

"Yai hujikaanga lenyewe," alisema Bi Mahfudha. "Wewe kazi yako kusimama karibu na kuonekana unajua."

Msichana alitulia. Macho yake yakaangukia kitabu kilichochungulia kikapuni. Jaladani palikuwa na picha tatu zilizopangwa: mundu, duara, na alama iliyojikunja mkia.

"Hii nini?"

"Fumbo la picha. Nouf anasema zinasomeka. Mimi nnaona mundu, bangili, na mtu kajaribu kutia hina akashindwa."

"Nichoree."

"Mundu? Kwenye mkono wa harusi?"

"Hapa, kiganjani. Sijaiona kwa mtu yeyote, khalti."

Bi Mahfudha alikuwa hajachora mundu maishani mwake. Alishusha pumzi, akauchora, mwembamba kama mwezi mwandamo, akauzungushia bangili yake pembeni, akaikunja alama ile mkia wake kwa mzunguko mmoja. Zikatoka nzuri kuliko za kitabuni, na alijua, na akafurahi waziwazi.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Badr, baba wa Hadeel, na birika la gahawa. Mzee Badr alipelekwa Nagoya, kule Japani, na kampuni yake, mafunzo ya miezi sita, miaka thelathini iliyopita. Tangu siku aliporudi anangoja mtu amwulize jambo la Kijapani, na hajatokea.

"Masalkheri, Bi Mahfudha. Eh! Hebu nikione hicho!" Birika likawekwa chini, kitabu kikanyakuliwa. "Fumbo la zamani hili, nalijua! Mundu ni *kama*. Duara ni *wa*. Na hii ni herufi, *nu*. *Kamawanu!* Maana yake, haidhuru." Akautazama mkono wa mwanawe. "Subhanallah. Umemwandika mwanangu haidhuru?"

Walicheka wote, hata Nasriya, aliyekuwa kasimama mlangoni na sahani ya halua. Mzee Badr, kwa kuwa amechekewa, akafungua na ndani.

"Leo tuko hapa. Alama hii ni moto, ndiyo Jumanne, kumi na sita."

"Jumanne ni kumi na nane," alisema Bi Mahfudha.

Nasriya akakohoa.

"La, la. Kumi na nane ni hii ya mti. Alkhamis. Wao wanaanza na Jumatatu, na hii nyekundu ni jua, Jumapili, ndiyo wanayopumzika."

Nasriya akakohoa kama anayekata roho.

"Kunywa maji, Nasriya. Ndiyo maana nikajiuliza, mbona Bi Mahfudha kaja leo na hina ni keshokutwa? Tena Hadeel si anatiwa na yule Ruba wa mitandaoni, wa hina nyeupe..."

Alisimama hapo. Alikuwa amechelewa.

Bi Mahfudha alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Wateja wake wengine wote walimtajia siku, hawakutaja tarehe, ndiyo maana wiki tatu nzima kitabu hakikumwumbua.

"Na mimi Alkhamis nilikuwa nimtie nani?"

Nasriya aliigeuzageuza sahani ya halua mkononi.

"Nasriya, nakuuliza."

"Shangazi zake, da Mahfudha. Na mama mkwe. Nilitaka nikwambie, ulimi ukawa mzito."

"Ungeniambia nishakaa nao." Alikifunika kikapu. "Imeniuma. Siwezi kusema haikuniuma. Nimekuja siku siyo, nimekaa kwenye mkono usio wangu, na nyie mnaniangalia tu."

"Maji ukiyavulia nguo..." alianza Mzee Badr.

"Badr, nyamaza!" alisema mkewe.

Bi Mahfudha alikwisha tia mto kwapani. Alikuwa akizihesabu koni zake ili asilazimike kumtazama mtu.

"Mama, nishikie simu," alisema Hadeel. Mkono wa kulia ulikuwa mbichi, kauinua hewani mbali na nguo. "Mtafute Ruba. Niwekee sikioni."

"Wamwambia nini?"

"Niwekee tu." Simu ikaita, ikapokewa. "Habibti, hujambo? Ndiyo, Alkhamis uje, saa ile ile. Ila mimi nishatiwa. Utawatia shangazi zangu." Sauti nyembamba ililalamika kwa muda mrefu ndani ya simu. "Saba. Na mama mkwe. La, nyeupe hawaitaki, wanataka hina. Haya, maasalama."

Nasriya aliishusha simu polepole. Mzee Badr alifumbua mdomo, mkewe akautia kipande cha halua.

Hadeel alijisogeza ukingoni mwa kochi, na kwa kuwa mto ulikuwa umefungashwa, akaulaza mkono wa kushoto juu ya goti la Bi Mahfudha. Bi Mahfudha aliketi. Alichukua koni, akaikata ncha, akaishusha hadi karibu na ngozi. Akaanza kwenye kifundo, taratibu, uzi mwembamba usiokatika. Hadeel akangoja, vidole vyake vitano vimefunguka, vitupu.