Panya wa Mkate wa Mavuno

Mkate ulikuwa mzima. Masuke yake yote yalikuwa yamejipanga, na ile kamba ya unga iliyoufunga mganda katikati haikuwa na hata ufa. Aliyekosekana ni panya wa unga. Pale alipokuwa tangu asubuhi, akipanda bua la tatu kutoka kushoto, palibaki alama nyeupe ya kumeguka na kipande cha mkia.

Bi. Winifred Tapsell, mwenye duka la mikate la Tibblecote, alisimama mbele ya meza ya mavuno kanisani, kitambaa mkononi. Alikuwa amekuja kuufuta vumbi tu. Hakulia, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Nesi Hester, aliyeingia nyuma yake na kikapu cha tufaha. Hester Plumley alikuwa mkunga wa kijiji kwa miaka thelathini na minane kabla ya kustaafu. Alijua kwamba anayelia hana shida kubwa. Anayenyamaza ndiye wa kukaa naye karibu.

"Basi nimepata jibu langu," alisema Winifred.

Kila Septemba, kwa Sikukuu ya Mavuno, mwoka mikate wa Tibblecote huoka mkate mkubwa wenye umbo la mganda wa ngano, na juu yake huweka panya mmoja wa unga mwenye macho ya zabibu kavu. Watoto wakiingia kanisani Jumapili hawana habari na maboga. Wanamtafuta panya kwanza, na anayemwona kabla ya wenzake hutamba wiki nzima. Kwa miaka ishirini na sita panya huyo alifinyangwa na Herbert Tapsell, mume wa Winifred. Herbert alifariki mwezi wa Februari.

Mwaka huu Winifred alijaribu mwenyewe. Yeye alikuwa mtu wa keki na wa kaunta. Oveni kubwa ilikuwa ya mumewe. Alimwambia Hester, na Hester peke yake, kwamba ameweka nadhiri. Mkate ukitoka vizuri na watu wakiupokea, atabaki na duka. La sivyo atalifunga, aende kukaa kwa dada yake Leicester, katika chumba cha wageni ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Mkate wa kwanza ulipasuka. Wa pili uliungua masuke. Wa tatu ulitoka na rangi ya asali, na asubuhi hiyo ya Jumamosi wanaume wawili waliubeba hadi kanisani polepole kana kwamba wamebeba mgonjwa.

"Kuna mtu hakumtaka panya wangu hapa," alisema Winifred. "Wala sina haja ya kuuliza ni nani."

Alimaanisha Bi. Dorothea Pomfret, msimamizi wa maua. Katika mkutano wa mwezi wa Agosti, Dorothea alisema mbele ya watu wote kwamba mwaka huu ingekuwa heri mkate uagizwe mjini.

Hester aliweka kikapu chini. Alimwomba Winifred jambo moja tu, asimwandikie dada yake barua kabla ya saa kumi.

"Saa moja tu, mwanangu. Nimeketi na wanawake wakisubiri saa ishirini. Wewe nakuomba moja."

Winifred alikubali, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma na kitambaa chake.

Hester aliikagua meza kama alivyozoea kumkagua mtoto mchanga, bila haraka, kichwa kwanza, vidole baadaye. Mkate haukuwa mahali pake. Asubuhi ulikuwa katikati kabisa ya meza, na sasa umesogezwa upande wa kushoto. Pale katikati palikuwa na bakuli la shaba la kukusanyia sadaka, na kitambaa cheupe kilicholizunguka kilikuwa kimelowa. Akiwa bado anatazama, tone la maji lilidondoka kutoka darini, likalia ndani ya bakuli. Mvua ilikuwa imenyesha saa saba, na paa la kanisa lile halijawahi kuficha siri ya mvua.

Aliuinua mkate upande mmoja kidogo. Chini yake mtu alikuwa ametandika gazeti lililokunjwa mara mbili, pembe kwa pembe, ili mkate usipate unyevu wa kitambaa.

Mtu anayekuja kuharibu hatandiki gazeti, aliwaza Hester, na moyo wake ukatulia kidogo.

Kisha akatembea hadi mlangoni, akatazama chombo cha maua ya dalia. Dorothea hujaza vyombo vyake mpaka maji yafike ukingoni. Hilo kila mtu analijua. Hiki kilikuwa kikavu, na maua yalikuwa yameanza kuinama. Sakafuni, karibu na chombo, kulikuwa na zabibu kavu moja. Jicho. Aliliokota, akalitia mfukoni, akarudi kumwuliza Winifred kama mkate ule una chumvi nyingi.

Winifred alisema chumvi yake si ya mchezo. Herbert alikuwa akitia vikombe viwili vizima ili ukae hadi Krismasi bila kuota ukungu. Ni wa kutazamwa, si wa kuliwa. Hata panya wa kweli hawaugusi.

"Vizuri," alisema Hester. "Twende tukanywe chai."

Nyumba ya Hester inatazamana na lango la kanisa, na tangu saa saba alikuwa dirishani akifuta tufaha. Aliwaona waliopita langoni baada ya mvua: Dorothea, Bwana Lionel Crabbe, mpiga kinanda, na Bwana Cuthbert Ainsley, aliyekuwa stesheni masta mpaka alipostaafu, mtu mpole asiyewahi kuchelewa mahali popote wala kumkatiza mtu maneno. Wote watatu aliwaita kwenye ukumbi wa kanisa, akachemsha maji katika birika kubwa, akakata keki. Winifred aliketi mwisho wa meza, mbali na Dorothea kadiri meza ilivyoruhusu.

Hester aliwaambia tu kwamba panya ametoweka, na kwamba angefurahi kama kila mmoja angesema alichoona. Kisha akamimina chai.

Lionel alikuwa mwembamba kama ufito na alikula kama watu wawili. Kila mavuno, matunda ya upande wa kinanda hupungua kidogo kidogo, na kila mavuno watu hujifanya hawaoni. Hakungoja kuulizwa.

"Zilikuwa tatu tu," alisema.

"Tatu nini?"

"Plamu."

"Nilihesabu saba, Lionel," alisema Dorothea.

"Haya, saba. Lakini panya sijamgusa. Mimi sili kitu kinachonikodolea macho."

Bwana Ainsley alisogeza kikombe chake kwa adabu. Hester akakijaza.

Dorothea alieleza kwamba aliingia saa saba na nusu na utepe wa maua, bila miwani yake, kwa hiyo hakuona panya wala paka. Alimwona Bwana Ainsley tu, amesimama karibu na meza. Na kwa kweli alishangaa. Alimsalimu, yeye akatikisa kichwa. Alisema mvua hii itaharibu barabara, naye akatikisa kichwa. Alimwuliza hali ya dada yake, naye akatikisa kichwa vilevile, kisha akatoka kwa hatua ndefu.

"Mtu aliyekuwa akiziamkia hata treni za mizigo," alisema Dorothea. "Nikajiuliza nimemkosea nini."

Bwana Ainsley aliinamia kikombe chake, ambacho kilikuwa tupu tena. Keki yake ilikuwa haijaguswa. Hester akamimina cha tatu.

Ndipo Winifred alipoweka mikono mezani. Hakupandisha sauti. Alisema hakuna haja ya kuzungushana. Ni Dorothea aliyetaka mkate wa mjini, na alisema hivyo hadharani, na Herbert hajamaliza hata mwaka kaburini.

Dorothea aliiva uso mpaka masikioni. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na amri nyingi, na ilikuwa ajabu kumwona anatafuta maneno.

"Agosti nilikuja dukani kununua mkate," alisema mwishowe. "Ulikuwa umelala umesimama, Winnie, mkono juu ya kaunta, nywele zimejaa unga. Niliacha kununua, nikatoka taratibu ili kengele ya mlango isikuamshe. Nilitaka upumzike mwaka mmoja tu. Nikaja mkutanoni, na maneno yakatoka kama amri ya jeshi. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Hata nyumbani wananiambia."

Winifred alimtazama muda mrefu, kisha akasogeza sahani ya keki upande wa Dorothea, inchi chache hivi. Hester aliziona zile inchi.

Bwana Ainsley alikuwa akimaliza kikombe cha tano.

Hester alishika birika, akaongea akilitazama birika lenyewe, asimtazame mtu.

"Nawaambia ninavyofikiri. Kuna mtu aliingia kanisani baada ya mvua, akaona paa linavuja juu ya mkate. Angeweza kwenda zake. Lakini alitafuta bakuli, akakunja gazeti, akaubeba mkate peke yake, nao una uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Mkate umepona kwa sababu yake. Huyo mtu simwiti mwizi. Namwita mtu mwenye kiu."

Kikombe cha Bwana Ainsley kiligonga kisahani chake. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama siku za ukaguzi wa stesheni.

"Ni mimi, Bi. Tapsell," alisema. "Panya alimeguka nilipokuwa nimebeba. Alianza kuteleza, nami mikono yote miwili ina mkate. Nikamdaka kwa meno."

Lionel alijifunika uso kwa kitambaa cha meza.

"Nilitaka kuutua mkate kwanza, kisha nimtoe. Ndipo akaingia Bi. Pomfret, akanisalimu. Sikuweza kumjibu mama wa watu nina panya mdomoni. Wala kumtema mbele yake. Aliendelea kuzungumza."

"Niliendelea," alikiri Dorothea.

"Kwa hiyo nilimtafuna. Pole pole. Bi. Tapsell, ile chumvi." Alimeza mate. "Jicho moja lilinidondoka mlangoni nikinywa maji ya maua. Nakuomba radhi kwa maua pia, Bi. Pomfret. Baadaye nilipita mbele ya duka lako mara tatu, Bi. Tapsell, nikuambie. Lilikuwa limefungwa. Mara ya tatu lilikuwa limefunguliwa, nikashindwa mimi."

Winifred alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika. Hester alidhani sasa ndiyo machozi yamekuja, akaanza kuinuka. Lakini Winifred alipoinua uso, alikuwa anacheka, kicheko cha kutoka tumboni kisicho na sauti mwanzoni, halafu chenye sauti, mpaka akashika ubavu. Hakuna mtu Tibblecote aliyesikia kicheko kile tangu Februari.

"Mzima?" aliuliza alipoweza. "Ulimla mzima?"

"Isipokuwa jicho na mkia."

"Na alikuwaje?"

Bwana Ainsley alifikiri kwa uaminifu. "Ameiva vizuri sana," alisema. "Ganda lake lilivunjika kama la mkate wa Herbert. Ndilo nililotaka kukuambia nilipopita dukani. Nilikuwa nimeingia kanisani kuona tu kama umefaulu, na umefaulu. Miaka ishirini na sita nimekula mkate wa nyumba ile. Ningejua."

Winifred alijipangusa macho kwa kile kitambaa cha vumbi alichokuwa nacho tangu kanisani. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki dakika kumi kufika saa kumi, lakini hakutaja barua. Alisema oveni bado ina joto na unga umebaki, na kwamba panya mwingine hachukui muda kama watu hawatamwingilia. Halafu akamwambia Bwana Ainsley aoshe mikono, aje atie macho, kwa sababu kila aliyekula panya lazima alipe panya.

"Na mimi?" aliuliza Dorothea.

"Wewe njoo utoe amri," alisema Winifred. "Nimezoea kuwa na mtu wa kunitolea amri pale jikoni. Kumekuwa kimya mno."

Wakaondoka watatu pamoja. Lionel alibaki kumsaidia Hester kuosha vikombe, na alipomaliza kukausha cha mwisho, Hester alimpa keki ya Bwana Ainsley, ile isiyoguswa, imefungwa kwenye karatasi.

Jumapili watoto waliingia kanisani wakisukumana, na wa kwanza kumwona panya alikuwa binti mdogo wa mwuza maziwa. Panya huyo alikuwa mnene kuliko wa zamani, na jicho lake moja lilikuwa limekunjamana kidogo, kwa kuwa Hester alikuwa amelirudisha kutoka mfukoni. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kikombe cha maji.

Binti akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kinanda kwa nini panya amewekewa maji.

"Mwulize Bwana Ainsley," alijibu Winifred. Kisha, kwa kuwa watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama, akatumia nafasi hiyo kuwatangazia kwamba kesho duka linafunguliwa saa moja asubuhi, kama kawaida.