Kitunguu Rangi ya Asali

...kwa sababu kitunguu hakitaki kuharakishwa, hilo fundi friji analijua sasa kama anavyoijua sauti ya kompresa inayotaka kukata roho, unapunguza moto, unakoroga taratibu, unakiacha kijiamulie chenyewe, kwanza kinapauka, halafu kinang'aa kama kioo kilichofutwa sasa hivi, halafu pembeni, pale kinapogusana na chuma, inaanza ile rangi ya asali, na hapo ndipo mtu asiyejua anapokurupuka na nyanya zake, lakini yeye hakurupuki, yeye anasubiri, mwiko mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, na jua la jioni limeingia kwa dirisha la juu ya sinki likaangukia ndani ya kikaango kana kwamba liliagizwa, tulia hapo hapo, mrembo, anakiambia kitunguu kimoyomoyo, na anapiga picha moja, na nyingine, na kutoka chumba cha kulia, nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu, sauti ya mama mkwe wake inamfikia vipande vipande, "...mimi simsemi mtu, nasema tu, mtoto wa kike..." kisha mafuta yanachachatika yanayameza maneno, "...na umri wenyewe ndio huu..." na yaliyomezwa anayajua, anayajua tangu jana, tangu alipompokea stendi, akaliona lile sanduku lake kubwa, akainama akalinyanyua kwa nguvu zote ili mama mkwe aone kuwa mkwe wake bado ni mwanamume mwenye mgongo, nusura ajibamize nalo usoni, jepesi kama boksi la mayai yaliyokwisha, ndani hamna kitu, gauni mbili na sabuni labda, na mtu hasafiri na sanduku la ukubwa ule likiwa tupu ila kama kuna kitu anataka kurudi nacho, na kitu chenyewe kilikuwa kimesimama pale pale kati yao, kimemshika bibi mkono, kinacheka na pengo la meno mawili ya mbele, binti yake, ndiyo maana yeye humwita Pengo, na saa hizi Pengo yuko chini uani anaruka kamba na wenzake, anasikika anavyobishana nani amekanyaga, hana habari kwamba huku juu anagombaniwa kwa maneno ya adabu.

Na yeye jibu analo, asidhani mama mkwe kwamba hana, amelipanga tangu asubuhi akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya muuza maziwa, Mama, kwa heshima zote, ...hapana, hilo linaanza kama barua ya kuomba kazi, Mama, mimi nakuheshimu sana ila mtoto ni wangu, ...hilo nalo linaanza ugomvi, basi ataacha maneno, atakausha mikono, ataiweka simu mezani mbele yake na kumwambia, Mama, tazama, aone mwenyewe, sahani moja baada ya nyingine, mchicha wa kijani unaotoa mvuke, karoti, pilipili hoho nyekundu iliyokatwa pete, yai lenye kiini kama jua la mtoto wa chekechea, wali wa manjano, kabichi ya zambarau iliyoupaka mchuzi wote rangi hadi Pengo akasema tunakula wino, aone kama hii ni nyumba ambayo mtoto anakonda ndani yake, na kesi itakuwa imefungwa hapo hapo... ingawa kweli, tusidanganyane, upo mwaka ambao kama angekuja na sanduku lile asingekuwa na la kumjibu, mwaka ule wa kwanza baada ya mkewe kufariki, walipokuwa wanakula vyeupe, mkate, maziwa, yai la kuchemsha, wali mkavu, mkate tena, wala hakuona kuwa ni vyeupe, aliona ni chakula, mtoto kashiba, yeye kashiba, sufuria zimeoshwa, alhamdulillahi, mpaka mwalimu wa Pengo akamwita shuleni, mwanamke mpole mwenye chaki kwenye nyusi, akamwuliza, "Baba, nyumbani kuna penseli za rangi?" "Zipo, mwalimu, boksi zima." "Mimi niliwaambia wachore chakula cha nyumbani kwao," na akamwonyesha karatasi, sahani imechorwa vizuri tu, uma, kijiko, kikombe chenye mkono, kila kitu mahali pake na hakuna hata tone la rangi, "nikamwambia hujamaliza, akaniambia amemaliza, ndivyo kilivyo," na yeye alitoka pale na begi lake la vifaa begani akaenda kazini kama kawaida, kwa mama mmoja mshonaji ambaye friji yake ilikuwa imegoma, akafungua mlango ili aangalie, na hapo... friji amezifungua tangu ujana wake, ameona ndani ya nyumba za watu kuliko hata mkunga, lakini siku ile alisimama ameshika bisibisi kama mtu aliyefungua mlango akakuta sherehe, nyanya, ndimu, majani, na katikati nusu boga limekatwa linamtazama, rangi yake inapiga kelele, akasimama, akasimama, mpaka mshonaji akaacha cherehani akauliza, "Fundi, kilichoharibika ni friji au ni wewe?"

Anacheka peke yake sasa, anakoroga, bado, bado kidogo, na chumba cha kulia kimenyamaza, labda anakunywa maji, la, anaendelea, "...na nywele zake nani anamsuka..." jirani, Mama, jirani anamsuka, na mimi najifunza, mistari yangu inakwenda upogo lakini haifumuki... na mshonaji alimpa lile boga kwa kuwa lingeoza kabla ya kompresa mpya kupatikana, akafika nalo nyumbani, akaliweka mezani, akalizunguka kama bomu, akampigia simu dada yake mkubwa anayeishi mbali, dada akasema, "Anza na kitunguu," "Nimeanza," "Kina rangi gani?" "Rangi ya kitunguu, dada," "Wewe mtu wewe! Tuma picha nione," akatuma, dada akajibu kibichi hicho, akatuma tena, dada akajibu hicho sasa ni mkaa, tupa, anza upya, basi ndivyo picha zilivyoanza, hakuna aliyemwambia kuna sanaa, alikuwa anapiga picha ili asiunguze, na picha zenyewe zilikuwa msiba, nusu ni kidole gumba, nusu ni moshi, lakini ukikitazama kitunguu kwa namna ile kila jioni jicho linapata tabia, halikubali tena kufunga duka, kesho yake alivuta friji kuukuu ukutani akaona bomba la shaba limeota kijani, kijani cha bahari iliyochorwa kitabuni, ameyaona mabomba hayo maisha yake yote na hakuwahi kuyaona, akatoa simu, na mafundi wenzake wakamtania, "Fundi, umeliposa hilo bomba?" akawajibu nimeshalipa na mahari, akaendelea, maganda ya kitunguu kwenye sinki lililolowa, kutu ya geti, mkono wa Pengo uliojaa bizari, na Pengo mwenyewe akawa ndiye mkaguzi, "Baba, umekata kichwa cha karoti," "Baba, rudi nyuma, unaiziba na kivuli chako," hadi Jumamosi zao zikawa na kazi, wanachagua rangi moja na kwenda kuiwinda mtaani, na bluu ndiyo iliyowatoa jasho, maana bluu hailiki, walirudi na picha ya ndoo, na mlango wa kinyozi, na soksi moja iliyoanguka kutoka kwenye kamba ya mtu, na Pengo akasema hii soksi ndiyo mshindi, na wala hakukosea... sasa mtoto wa namna hiyo unampakiaje kwenye sanduku, Mama, hebu niambie...

"...halafu boga," inasema sauti ya chumba cha kulia, imesogea karibu kidogo, au ni mafuta yametulia, "naona umelikata boga hapo. Mwanangu boga alikuwa haligusi."

Mwiko unasimama. "Nini, Mama?"

"Nasema marehemu. Boga alikuwa haligusi, tangu akiwa kadogo. Likipikwa anashika pua, anakwenda kukaa nje mpaka sufuria ioshwe. Nilipokuja kuwatembelea, mmeoana hata mwaka haujaisha, nikamkuta jikoni hapo hapo ulipo analimenya, nikamwuliza, we, leo jua limetokea wapi? Akaniambia, Mama, nyamaza bwana, mwenyewe analipenda." ...hapo hapo ulipo, anasema, na yeye anatazama miguu yake kwenye vigae kana kwamba ataona nyayo nyingine chini yake, na Jumapili zote zile zinamrudia kwa mpigo, sahani yake imejaa boga, ya mkewe haina, na yeye anauliza, wewe huli? na mkewe anajibu, nimeonjaonja jikoni, nimeshiba, na yeye, fundi mzima, mtu anayesikia hitilafu ya friji akiwa bado mlangoni, akaamini, miaka yote akaamini, kumbe alikuwa anapikiwa na mtu aliyebana pumzi, na angependa kuona aibu lakini kinachompanda kifuani si aibu, ni kicheko, kicheko chenye maji machoni, maana picha za mkewe alizonazo ni zile za harusi za watu, amesimama wima, kitambaa kimenyooka, anatabasamu kwa mpiga picha, hakuna hata moja amebana pua, hakuna hata moja anamenya kitu huku amegeuza uso pembeni, hiyo ipo kwa mtu mmoja tu duniani, imekaa hapo chumba cha kulia kwenye kiti kinacholia, na imekuwa hapo tangu jana wakati yeye anajiandaa kushinda kesi, na sauti inaendelea, haimsemeshi tena mtu, "...na ukoko alikuwa anaugombania na kaka zake, na embe anaanza kula ganda..." na kwa mara ya kwanza tangu jana anaisikia ilivyo, si sauti ya mtu aliyekuja kukagua, ni ya mwanamke anayezunguka nyumba anatafuta msichana wake, na kwa kuwa hakumpata amemwona mwingine anayefanana naye anaruka kamba uani, basi, ni hilo tu, kosa liko wapi hapo... na Pengo haendi kokote, hilo halijatikisika hata kwa unywele, lakini lile la kuiweka simu mezani na kusema tazama limemtoka, ataitazama nani kama ushahidi, na ushahidi wa nini, atamwonyesha, ndiyo, lakini baadaye, wakiwa watatu, na Pengo ndiye atakayeeleza habari za soksi, na bibi ndiye atakayeeleza habari za pua, kwa sababu mtoto hajui, mtoto anadhani mama yake alikuwa mtu wa kusimama wima kwenye harusi.

"Mama," anasema, na anashangaa sauti ilivyotoka bila kukwama, "mtoto haendi. Atakaa hapa na mimi. Ila wewe nakuomba usiondoke kesho. Kaa mpaka shule zifungwe, kaa na zaidi, chumba changu chukua, mimi sebuleni panantosha. Haya unayonisimulia mimi nimhadithie kutoka wapi?"

Uani kamba inapiga chini, inapiga chini, kuna aliyekanyaga, wanabishana. Angeweza kugeuka amtazame usoni, hageuki, anampa nafasi yake, anakoroga, na vitunguu vyote sasa vimeshika ile rangi, kuanzia pembeni hadi katikati, jua lingali limelala juu yake, na simu ameiweka kando ya sinki bila kukumbuka ameiweka lini.

"Kitunguu chako kinaungua," inasema sauti ya mama mkwe, nzito, kama imepitia mahali penye maji. "Nasikia harufu."

"Hakiungui, Mama," anasema. "Njoo ukione."

Na anasikia kiti kinaburuzwa.