Kichwa Kisichokombwa

Kwa miaka ishirini na sita mchongaji alikula kwa jasho la patasi, na kwa miaka hiyo yote kazi ya dada yake mdogo, mfinyanzi, aliiita kuchezea tope. Alisema hivyo harusini, alisema msibani, alisema popote alipopata watu wa kumchekea. Kisha bega likamgomea. Daktari akamwambia akiendelea kugonga nyundo mkono utapooza, na yeye, ambaye hakuwahi kuomba hata kiberiti kwa jirani, akaenda kwa dada yake kuomba nafasi ya kufinyanga.

Tusimwonee, halikuwa bega peke yake. Alikuwa amechoshwa na ndege wa maduka ya zawadi, ndege yule yule, shingo ile ile, mwaka nenda mwaka rudi. Alitaka nyuso za watu, tena watu waliochoka. Mti mgumu ulimnyima mikunjo ya nyuso hizo, lakini udongo uliipokea kwa kidole gumba tu. Siku ya kwanza alipobonyeza na jicho likaingia ndani, alicheka peke yake kama mwehu.

Dada alimpa meza karibu na dirisha, na sharti moja.

"Kaka, ukimaliza kichwa, kikate kwa waya, ukikombe ndani mpaka ubaki unene wa kidole, halafu ukiunganishe. Ukikiacha kimejaa, unyevu unabaki katikati. Kikipata moto kinapasuka."

"Nimesikia, bibie."

Kusikia alisikia. Lakini kwa mchongaji, kitu chenye uwazi ndani ni gogo lililoliwa na mchwa. Mteja akiligonga likavuma, analirudisha dukani. Kukikata kichwa alichokipatia vile na kukikomba kama boga? Roho haikukubali. Akatoboa tundu dogo chini ya shingo, ili atakayechungulia adhani kimekombwa, kisha akajikausha. Kichwa kikakaa rafuni wiki mbili, na kwa nje kikakauka vizuri tu.

Kikaingia tanurini pamoja na mitungi arobaini ya dada, kazi ya miezi miwili, aliyoiandaa kwa maonyesho yake ya kwanza. Moto uliwashwa na shemeji, mume wa dada, kama siku zote. Alikuwa mtu mpole, anayeongea na kuni zaidi kuliko anavyoongea na watu. Saa nne asubuhi wakasikia mlio, halafu mwingine, halafu kishindo kama kabati la vyombo limeanguka.

Kesho yake tanuri lilipopoa wakafungua. Ilipona mitungi sita.

"Umeharakisha moto!" dada alimgeukia mumewe. "Nimekuambia mara ngapi uanze polepole? Miaka yote hii, hata moto hujui?"

"Labda nilizidisha kuni mapema," shemeji alisema, akitazama viganja vyake.

Hapo ndipo mchongaji alipotakiwa kufungua mdomo. Na aliufungua, akasema, "Poleni jamani." Poleni! Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliinama akaokota vigae kwa bidii ya ajabu, na vile vyake, vinene kama ngumi, akaenda kuvitupa shimoni nyuma ya nyumba.

Siku tatu alikula nao meza moja. Dada alimpakulia kaka yake kwa upole, na kumsukumia mumewe sahani bila kumtazama. Shemeji alirudia hatua za moto wake kwa sauti ya chini, "Nilianza na vijiti, halafu nikaongeza vile vya kati, halafu..." Mchongaji alitafuna tu. Kila alipojiambia atasema kesho, alijidharau kidogo zaidi, na kesho ilipofika alitafuta kisingizio kingine.

Siku ya nne dada akatangaza, "Safari ijayo moto atawasha kaka. Yeye ni fundi, anajua kusubiri."

Shemeji aliinuka akampeleka uani kumwonyesha zinakokaa kuni kavu, na dada akawafuata. Hilo ndilo lililomshinda mchongaji. Kutukanwa angevumilia, lakini kusifiwa kwa kosa lake mwenyewe, mbele ya aliyelibeba, kulimkata maini.

"Sikukikomba," alisema. "Kile kichwa. Kilikuwa kimejaa. Lile tundu lilikuwa la uongo."

Dada alimkazia macho. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mlio wa kwanza."

"Mitungi nitafinyanga mingine," dada alisema taratibu. "Lakini nimemdhalilisha mume wangu siku nne, na wewe umekaa pale unatafuna."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, ikabidi amgeukie shemeji, ambaye yeye alimzidi umri kwa miaka kumi, na amwombe msamaha kwa sauti aliyokuwa haijui.

"Nisamehe, shemeji. Nilikuacha ubebe kosa langu."

Shemeji aliupangusa ukuni mmoja kwa kiganja. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Unajua, shemeji," alisema, "mimi nilishakumbuka kabisa nilivyokosea. Nilishajiona naingiza gogo kubwa kabla ya wakati wake. Gogo ambalo sikuliingiza, nililiona kwa macho yangu haya."