Oili ya Pijo la Marehemu

Saif alikuwa amekata shauri: Pijo, gari la marehemu baba yao, lisipowaka kufikia Alhamisi, linauzwa. Mnunuzi ashapatikana. Dada yake, Fadhiya, hakubishana naye. Alilivutisha kwa kamba hadi Ganjoni kwa fundi Chirau, roho juu, maana hakukuwa na kitu kingine kilichobaki na harufu ya baba.

Na ana kichwa kigumu, huyo Fadhiya! Chirau, alipokwisha kuitengeneza injini, alimweleza kwamba hula lita nne za oili, basi. Yeye akataka kijiti cha kupimia. Juu ya alama ya kiwandani palikuwa na mkato ambao Abdulhalim, babake, aliuchonga kwa tupa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, mzee yule alikichomoa kijiti, akakifuta kwa kipande cha kikoi, akakichovya tena, kisha akamwita binti yake aone oili imefika wapi. Miaka thelathini injini haikumtia aibu. Leo aje mtoto wa jana amsomeshe marehemu?

"Tia mpaka hapa," alimwambia Chirau.

Chirau aliguna, akatia. Zikaingia lita tano na ushei.

Gari liliwaka, likatoa moshi wa buluu mpaka majirani wakafunga madirisha, na oili ikaanza kuchuruzika chini. Saif alipopigiwa simu alisema ndiyo hivyo tena, litauzwa kama chuma chakavu.

Fadhiya aliketi juu ya tairi kuukuu akalia, wala hakuona haya. Alijaribu kuiona tena Ijumaa moja tu: baba ameinama, kofia kaiweka juu ya boneti, na kofia inateleza. Lo, ilikuwa ikiteleza kila mara, na yeye ndiye aliyekuwa akiidaka! Akainuka. Njia ya kwao Mji wa Kale inashuka kuelekea baharini, na baba hakupima pengine ila mlangoni pake, pua ya gari ikitazama chini. Oili yote ilikimbilia mbele, penye kijiti, ikaonekana nyingi. Mkato ule ulikuwa wa mteremko wa kwao, si wa uwanja tambarare wa Ganjoni.

Walimwaga yote, wakatia lita nne kamili. Moshi ukapungua, ukakatika, injini ikatulia.

Alhamisi alasiri Fadhiya aliegesha mlangoni, asizime. Saif alikuwa barazani na mnunuzi. Siku hiyo Fadhiya alitamani babake awepo kuliko hata siku ya maziko. Ndipo akatoka mama yao, Bimdogo, ambaye tangu amalize eda ya mumewe alikuwa hatoki, akisingizia magoti. Amevaa buibui, mkoba mkononi. Akamsalimu mgeni kwa adabu zake zote, akaketi kiti cha mbele, akafunga mlango.

"Saif," akasema, "mwambie bwana huyu, gari hili lina mwenyewe."