Mapafu Yanayong'aa

Yasmini alikamua jeli kwenye kiganja chake kwanza, akaifumbata mpaka ubaridi ukapungua, ndipo akampaka Mbuke tumboni. Lusia aliliona jambo hilo. Alikuwa amesimama upande wa kichwani, mkono wake juu ya bega la mwanawe, na tangu waingie katika kituo kile cha Katoro hakuna mwingine aliyewatendea jema hata dogo. Kwenye benchi la nje walikalishwa karibu na ndoo ya pamba zilizolowa damu, haina mfuniko, nzi wanaingia na kutoka. Mhudumu mmoja aliposhindwa kupita, aliisukuma ndoo kwa mguu. Ikawasogelea wao.

"Pole, dada. Lala hivyo hivyo," Yasmini alisema. Aliigeuza skrini ya mashine ya kupimia mimba ili mama na mwana waione.

Ilikuwa nyeusi yenye kijivu ndani yake, kama maji ya lambo ng'ombe wakishayavuruga.

"Mama, unaona hiki kinachopigapiga? Moyo. Hili hapa ini. Na haya juu yake ndiyo mapafu. Mtoto akikaribia kukomaa, mapafu yanang'aa kuliko ini. Ya huyu bado yamefanana na ini lake. Na hata yaking'aa, picha peke yake haitoshi. Tunatazama na tarehe."

"Tarehe sina," Mbuke alisema. "Nilishika mimba watu wakiwa wameshauza pamba. Na pamba ya mwaka huu haijapasuka."

"Basi bado. Mwache alale, ana raha huko."

Lusia alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ashuke kwenye basi la Ushirombo.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Herman, mwenye kituo, aliingia, na nyuma yake akaja Maganga, mume wa Mbuke. Papo hapo Lusia aligeukia ukuta, akavuta kanga ikamfunika uso. Kwao mama mkwe hamtazami mkwewe machoni wala habishani naye. Akiwa na neno, humpa mtu mwingine amfikishie, hata kama wote wako chumba kimoja. Maganga naye alisimama kizingitini, amekigeuzia chumba bega moja. Adabu hiyo aliijua sana.

Maganga alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kilimani nyuma ya mji. Lilikuwa limegota kwenye mwamba mgumu. Mganga aliyemwita kulitazama alisema mwamba umeshikwa na tumbo la mkewe, hautaachia kitu mpaka tumbo liwe tupu. Wachimbaji waliposikia, wakapanda juu na kugoma kushuka.

"Mtoto amefikia wapi?" Daktari Herman aliuliza.

"Bado, dokta," Yasmini alijibu. "Mapafu na ini viko sawa. Na sioni sababu ya kumpasua. Mama mzima, mtoto mzima. Kama ni lazima, tumpe kwanza sindano za kukomaza mapafu, tusubiri zifanye kazi."

"Sababu? Vijana wamekaa juu ya kifusi wanacheza karata, wewe unaniuliza sababu?"

"Unga wangu wanakula, maharage yangu wanakula," Maganga alisema pale kizingitini. "Ukiwauliza, wanakuambia mwanamke ajifungue kwanza."

"Wakatafute mwanamke mwingine wa kumsingizia," Mbuke alisema kitandani.

"Wewe nyamaza. Kazi yako kulala."

Daktari Herman akasogea kwenye mashine. "Duara letu haliwezi kusimama kwa siku chache za mtoto kuota jua tumboni."

Lusia, uso ukutani, alilisikia neno hilo. Letu.

Aligeuza jicho kidogo ndani ya kanga. Aliona mkono wa daktari. Chini ya kucha kulikuwa na tope jekundu, lile lile lililokuwa kwenye viatu vya Maganga. Mkono ule ulishika kitufe, ukakizungusha taratibu, kama mtu anayeongeza sauti ya redio. Skrini ikaanza kung'aa. Mapafu yakang'aa, ini likang'aa, mifupa, kila kitu kikawa cheupe.

"Mnaona? Yanang'aa."

Furaha ilimpanda Lusia kabla hajafikiri. Si yule binti wa mashine mwenyewe alisema yatang'aa? "Ahsante Mungu," aliuambia ukuta. Kisha akamwona Yasmini. Alikuwa ameinama anaifuta chupa ya jeli, na chupa haikuwa chafu.

"Yasmini. Yanang'aa, hayang'ai?"

"Yanang'aa, dokta."

Mashine ikatoa picha. Daktari aliikata, akampa Maganga, naye akaitia katika mfuko wa shati.

"Mayu," Mbuke alisema, ameukamata mkono wa mama yake. "Waambie hapana. Mtoto hajashuka. Mayu, mimi ndiye niliye naye."

Lusia aliikaza kanga usoni. "Mwambieni mkwe wangu," aliuambia ukuta, "mwanangu anaomba wangoje pamba ipasuke."

"Mwambie mama mkwe," Maganga alimwambia daktari, "mimi silimi pamba."

Wakacheka wote wawili. Daktari alicheka mpaka akakohoa.

Walipoondoka, Yasmini alifungua mkoba wake, akatoa kanga iliyofuliwa, bado ina mikunjo. "Ya kumpokelea mtoto," alisema. Lusia aliipokea kwa mikono miwili.

*

Walimpasua Mbuke asubuhi iliyofuata. Mtoto wa kiume alilia mara moja, kilio kifupi, kisha akaanza kuguna. Kila pumzi ilikuwa na mguno wake. Matundu ya pua yalitanuka, na chini ya mbavu ngozi ilizama ndani kama mfuko wa plastiki unaofyonzwa. Alikuwa na nywele nyingi na kucha laini kama utando wa maziwa. Lusia alimfunika kwa kanga ya Yasmini, akashika kamrija ka oksijeni kasitoke puani. Mashine ya oksijeni ilinguruma pembeni. Kwa muda midomo ya mtoto ilipata wekundu.

Mvua ikaanza kupiga bati. Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza.

"Washeni jenereta!" Lusia alipiga kelele.

Mhudumu alichungulia. "Jenereta iko duarani, mama. Inavuta maji. Daktari alisema itarudi wakishamaliza."

"Na huyu?"

Mhudumu aliangalia mvua.

Yasmini ndiye aliyekuja mbio. Alikuwa na mpira wa kupumulia, akauweka usoni pa mtoto, akawa anauminya kwa vidole, taratibu, huku anasema maneno madogo ya kumbembeleza. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda. Nyuma ya pazia Mbuke, ambaye miguu yake ilikuwa bado imekufa ganzi, aliuliza, "Mayu, mbona simsikii?"

"Yupo na Yasmini," Lusia alijibu. Hilo lilikuwa kweli.

"Yasmini!" Ilikuwa sauti ya Daktari Herman, kutoka barazani. "Rudi chumba cha kupimia, uwapange wale wanawake. Wakichoka kungoja watakwenda kwa wengine."

Vidole vya Yasmini vilisita, vikaminya tena, vikasita.

"Yasmini! Au unataka nitafute mwingine?"

Aliuchukua mkono wa Lusia, akauweka kwenye mpira. "Hivi, mama. Kidogo kidogo, usikaze. Ukiona kifua kimepanda, achia." Alifuta uso kwa ncha ya hijabu, akatoka.

Lusia akaminya. Mikono yake ilikuwa imekamua ng'ombe, imepalilia, imepokea wajukuu watatu kijijini. Iliminya taratibu kama ilivyofundishwa. Kifua kilipanda na kushuka. Wakati fulani aliona kwamba hakipandi mpaka yeye aminye, na kwamba mguno haupo tena. Hakuacha. Mvua ilikatika, jua likatoka, yeye bado anaminya, mpaka mhudumu alipokuja kumfungua vidole kimoja kimoja. Mhudumu huyo, aliyesukuma ndoo, alifanya hivyo kwa upole.

*

Maganga alifika ametapakaa tope hadi magotini, nyuma yake kijana wa duarani amebeba sinia la nyama ya mbuzi. Usiku wa kuamkia upasuaji wachimbaji walikuwa wameambiwa kwamba mke wa bosi atapasuliwa asubuhi. Wakashuka. Mwamba ulikuwa umeachia.

"Umefunguka!" alimwambia daktari. "Umefunguka, ndugu yangu! Hii sadaka, kuleni."

Daktari Herman alinyakua ubavu, akaung'ata hapo hapo barazani, mbele ya wanawake wa benchi. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye saa. Alipokwisha kutafuna ndipo alipomwambia habari ya mtoto.

"Ni mapenzi ya Mungu," alisema, akijilamba kidole gumba. "Sisi tulipima. Picha si unayo?"

Maganga alirudisha kipande chake cha nyama kwenye sinia. Kisha akaitoa picha mfukoni, akawaonyesha watu wa benchi, mmoja baada ya mwingine, alama za vidole vyenye mafuta zikibaki juu yake. "Tulipima. Angalieni wenyewe. Mapafu meupe kabisa. Sisi si wajinga, tulipima."

Lusia akatoka wodini na kifurushi mikononi, kimefungwa kwa kanga ya Yasmini. Kanga yake mwenyewe ilikuwa imemdondoka kichwani, hakuiokota. Alikwenda mpaka mbele ya mkwewe, akasimama, akamtazama machoni.

Maganga alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mnamwona? Mnamwona huyu? Mama mkwe ananitazama!"

Benchi zima likaguna. Mwanamke mmoja aliziba macho kwa viganja. "Mama! Ni mkweo huyo! Aibu gani hii?"

"Mbele za watu!" alisema mwingine.

"Atanitolea mbuzi wa kuniosha macho," Maganga alisema kwa uchungu. "Ukoo wao wote nitauita."

"Bibi, jiheshimu," Daktari Herman alisema, nyama ikiwa shavuni.

Hakuna aliyetazama kifurushi. Lusia aliendelea kumtazama Maganga mpaka Maganga akageukia ukuta, mwenyewe, akajifunika uso kwa mkono wenye picha.

Umeme ulikuwa umerudi. Lusia alisukuma mlango wa chumba cha Yasmini. Kitandani alilala mwanamke mwingine, msichana hasa, tumbo wazi, mume wake akingoja nje na viatu vyekundu kwa tope.

"Mwanangu," Lusia alisema, "nimekuja kuhusu kanga yako."

Yasmini alikiona kifurushi. Macho yake yalikuwa mekundu tangu kabla. "Nenda nayo, mama. Nenda nayo tu."

Skrini ilikuwa inawaka, nyeupe tupu. Kitufe kilikuwa pale pale daktari alipokiacha jana. Yasmini alinyoosha mkono akakishika, na Lusia akakikumbatia kifurushi. Barazani Daktari Herman alicheka kwa sauti, akamwita mtu alete chumvi.

Mkono ukakiacha kitufe bila kukizungusha, skrini ikabaki nyeupe. Yasmini aliichukua chupa, akakamua jeli kwenye kiganja, akakifumba, akangoja ubaridi upungue.