Muziki wa Gesi kwenye Ngazi za Ashrafiya

Jumatatu ya pili ya Januari, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Mikidadi aliegesha pikapu yake ya mitungi chini ya ngazi za Ashrafiya, mtaa wa kilimani mjini Amman, akavuta breki ya mkono, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kwa kuwa breki ile haikuwa ya kuaminika, kisha akapanda juu ya mitungi na bisibisi yake kwenda kung'oa spika. Skrubu tatu zilitoka bila ubishi. Ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu, akaigonga kwa spana mpaka ikalegea. Spika ile ilikuwa imekaa juu ya paa la gari miaka ishirini na sita ikipiga muziki ule ule wa gesi, noti chache zinazopanda na kushuka na kujirudia, na watoto wa mtaa huo waliujua kabla ya kuujua wimbo wa taifa. Aliifunga ndani ya gunia, akaisukuma chini ya kiti.

Amri ilitoka kwa Haji Adnani, mwenye pikapu tano, ile ya Mikidadi ikiwemo, na Haji Adnani naye aliipata redioni. Kila Alhamisi mchambuzi mmoja aitwaye Daktari Ihsani alikuwa akitoa maoni yake juu ya teknolojia na biashara. Wiki hiyo alisema kuuza gesi kwa kuzunguka na muziki kumepitwa na wakati, na kwamba anayemtafuta mteja barabarani ni sawa na tabibu anayegonga milango akiuliza nani anaumwa. Kampuni mbili kubwa za kuuza gesi kwa simu zilikuwa zimeshaingia Amman, moja magari yake ya rangi ya chungwa, nyingine ya zambarau. Kwa kuwa bei ya mtungi hupangwa na serikali, hazikuweza kushindana kwa bei, zikashindana kwa dakika. Ya chungwa iliahidi kuleta mtungi ndani ya dakika ishirini na tano, ya zambarau ikasema ishirini, ya chungwa ikashuka hadi kumi na nane, na madereva wa pande zote mbili wakaanza kugongana kwenye makutano ya barabara. Haji Adnani aliona maji yamemfika shingoni, akatia saini na ya chungwa.

"Kuanzia kesho mteja anabonyeza, simu yako inalia, unapeleka," alimwambia Mikidadi. "Mambo ya kuzunguka mitaani kama wapiga zumari wa harusi basi."

"Na asiyejua kubonyeza, Haji?"

"Abu Laithi," Haji alisema, akimwita Mikidadi kwa jina la mwanawe, "mimi nimechoka. Nimechoka tangu kabla hujaja hapa. Usiniulize habari za asiyejua kubonyeza."

Jumanne, saa moja na dakika ishirini, muziki ulifika ngazini peke yake. Ulianzia chini, pale jiwe la Mikidadi lilipobaki, ukapanda kipandio baada ya kipandio kwa mwendo wa mtu mwenye goti bovu. Wanawake walitoka na mitungi mitupu, wakaangalia huku na huku, hawakuona pikapu. Um Rakani, mjane wa nyumba ya juu kabisa, kwenye kipandio cha mia na kumi na mbili, alisema muziki umechelewa dakika tano na zamani haukuwa na tabia hiyo. Kisha kila mtu akarudi ndani, maana kulikuwa na baridi.

Baada ya wiki moja watu walishaujua mwendo wake. Ulikuwa ukipita milango ya wenye gesi bila kusimama, hata waliobakiwa na robo ya mtungi. Kwa aliyeishiwa, ulisimama. Ulikaa hapo mlangoni ukijirudia, mchana kutwa, mpaka mtungi uliojaa ufungwe kwenye mpira wa jiko au wa hita. Hapo unanyamaza katikati ya noti na kushuka zake. Samira, jirani wa Um Rakani, alisema ni bora kuliko kutikisa mtungi na kubahatisha.

Shida ilikuwa kwamba gesi yenyewe haikupanda. Kwenye ramani ya simu ngazi zile hazikuwepo. Palionekana kiraka cha kijivu kati ya barabara ya chini na ya juu. Wenye vijana nyumbani waliagiza mtungi kwa anwani ya duka la chini, wakaubeba begani. Um Rakani hakuwa na kijana. Rakani mwenyewe alishahamia ng'ambo, na simu zake zilikuwa za sikukuu tu. Simu ya mama yake ilikuwa ya vitufe, ya kusema "halo" na kukata.

Mikidadi alikuwa akiusikia muziki kila alipopita chini ya ngazi, na kwa miaka yake ishirini na sita kazini aliweza kukisia uko kwenye mlango upi. Siku ya tisa muziki ukiwa kwa Um Rakani, simu ya Mikidadi ililia ikimtaka apeleke mtungi Abdun, kwenye majumba makubwa. Alizima injini. Alishusha mtungi mmoja, akauweka begani, akapanda.

"Ingia, mwanangu," Um Rakani alisema. Alikuwa amevaa koti juu ya koti. "Viatu usivue, sakafu imekuwa barafu. Huyu mgeni wako ana siku tisa hapa mlangoni. Namwambia sina simu ya kupapasa, hasikii."

"Hajja, si ungewaambia majirani?"

"Samira ananiletea supu. Sasa nimwambie anibebee na mtungi? Mumewe ana mgongo mmoja tu."

Mikidadi alifungia koki ya mtungi kwenye mpira wa hita, akapaka povu la sabuni kuangalia kama inavuja, akawasha hita. Muziki ulikatika. Um Rakani alinyoosha mikono kwenye moto na kufumba macho, na Mikidadi alijisikia vizuri, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu Krismasi ya majirani zake Wakristo alipopewa keki. Alikunywa chai glasi mbili. Mteja wa Abdun alipata mtungi wake kwa kuchelewa, akampa Mikidadi nyota moja, na chini yake akaandika kwamba dereva ananuka gesi.

Aliitwa ofisini, kwenye jengo la vioo. Mhandisi Tamiri, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimpa kiti na kahawa.

"Ami Abu Laithi, juzi ulitoka nje ya njia dakika thelathini na moja."

"Nilikuwa naufuata muziki."

"Muziki upi, ami?"

Mikidadi alimweleza. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, akaandika mambo mawili matatu.

"Huwa haukosei?"

"Bado haujakosea."

"Na unasimama mlangoni hasa, au jirani na mlango?"

"Kizingitini."

"Hizo ni data nzuri sana," alisema Mhandisi Tamiri, na alimaanisha. Kisha akampunguzia Mikidadi nusu nyota kwa kosa la njia, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo tofauti.

Wiki haikuisha, watu wa chungwa wakaja ngazini na kubandika vifaa vidogo vya kunasia sauti kwenye kuta. Kesho yake wakaja wa zambarau na vyao. Walisukumana mpaka fundi mmoja akaanguka vipandio sita, wakapelekana mahakamani. Hakimu aliamua kwamba muziki ni mali ya chungwa asubuhi, na baada ya adhuhuri ni mali ya zambarau. Muziki wenyewe haukuitwa kutoa ushahidi. Daktari Ihsani alisema redioni kwamba hakuna kampuni itakayosalimika bila muziki, na kwamba wale waliokimbilia kung'oa spika hawakuwa na upeo. Haji Adnani alimsikiliza akiwa gereji, ambako pikapu zake nne kati ya tano zilikuwa zimeshapakwa rangi ya chungwa. Alizima redio, akakaa juu ya ndoo.

Ofisini waliweka skrini kubwa yenye ramani ya mji. Muziki sasa ulisikika mitaa mingine pia, na kila mlango uliposimama paliwaka nukta nyekundu, na mtungi ulipofika nukta iligeuka kijani. Hata kile kiraka cha kijivu cha Ashrafiya sasa kilikuwa na nukta zake. Katikati ya Februari moja ya juu kabisa iliwaka, ikabaki hivyo.

"Huyo ni Um Rakani," Mikidadi alimwambia Mhandisi Tamiri.

"Tunamwona, ami. Tunajua na saa aliyoishiwa. Saa tisa na dakika nne, juzi."

"Basi nimpelekee."

"Ngazi ziko nje ya eneo la huduma. Kupanda tu kunakula dakika nne, na dakika nne ndizo zinazotutofautisha na zambarau."

"Yeye hana haraka. Hata dakika mia atangoja."

"Ndiyo hivyo, ami," alisema kijana kwa huruma. "Sisi hatuuzi kwa asiye na haraka."

Mikidadi alimpelekea. Kiuno kilimuuma siku nne, na siku ya tano akaambiwa arudishe ufunguo wa gari. Haji Adnani alimkumbatia, akalia kidogo, akamwambia chukua spika yako. Namba ya simu ya Mikidadi ilifungiwa na kampuni ya chungwa ili asiweze kuagiza mitungi na kuisambaza kwa mlango wa nyuma, na kampuni ya zambarau ikaifungia pia. Hilo lilikuwa jambo pekee ambalo kampuni hizo mbili zilikubaliana bila kwenda mahakamani.

Mtungi huo wa Um Rakani uliisha upesi kwa baridi, mwanzoni mwa wiki ya mwisho ya Februari, theluji nyepesi ikianguka na kuyeyuka. Muziki ulirudi kizingitini kwake, ukakaa. Safari hii ulikuwa na sauti kubwa zaidi, labda kwa sababu ya ukimya wa theluji. Abu Sufiani, mwoka mikate anayelala mchana, alipanda kulalamika.

"Hajja, kwa heshima yako, mwambie anyamaze. Mimi nimeamka saa saba za usiku."

"Mwambie wewe, labda atakusikiliza. Mimi ni mwenyeji wake tu."

Abu Sufiani aliuambia muziki, kwa adabu na kisha kwa matusi. Alirudi nyumbani akaweka pamba masikioni. Majirani wengine walianza kumsalimia Um Rakani kwa mkato. Samira aliendelea kuleta supu lakini hakukaa kuzungumza, maana hawakuweza kusikilizana kwa kelele.

Jumatano Mikidadi alikwenda ofisini kutia saini karatasi za kuachishwa kazi. Akingoja muhuri alitazama skrini. Nukta ya juu kabisa ya Ashrafiya ilikuwa ya kijani. Chini yake iliandikwa: mahitaji yametimizwa. Wafanyakazi vijana walikuwa wanapiga makofi, kwani hiyo ilikuwa nukta nyekundu ya mwisho katika kilima kizima.

"Nani kampelekea?" aliuliza.

"Mfumo hauonyeshi nani," alisema Mhandisi Tamiri. "Labda zambarau. Lakini muziki umeondoka, na muziki haukosei. Wewe mwenyewe ulisema."

Mikidadi alifurahi, furaha ya kweli, ya kumfanya ausahau muhuri na kuurudia. Alitaka amwone mwanamume aliyepandisha mtungi ule amshike mkono. Alipanda vipandio mia na kumi na mbili akipumzika mara tatu. Ngazi zilikuwa kimya. Abu Sufiani alikuwa amelala, mkoromo wake ukisikika dirishani.

Um Rakani alifungua mlango akiwa na makoti matatu na blanketi. Chumbani palikuwa na baridi kuliko nje. Pale hita ilipokuwa ikikaa palibaki alama nne za magurudumu kwenye zulia. Jikoni, mahali pa jiko, palikuwa na mraba wa vigae visivyofifia.

"Karibu, Abu Laithi. Chai sina, samahani."

"Hajja, jiko liko wapi?"

"Nimeuza. Alipita yule wa vyuma chakavu na spika yake, nikamwita dirishani. Kachukua jiko, kachukua hita, na mtungi mtupu juu yake. Alipoufikisha chini tu, huyu mgeni naye akaondoka." Aliketi taratibu, akajifunika magoti. "Sasa sina haja ya gesi. Majirani wamelala. Asubuhi Samira kakaa hapa nusu saa tunazungumza."

Mikidadi alisimama katikati ya chumba na karatasi zake mkononi. Aliangalia zile alama za kwenye zulia.

"Kwenye ramani yao umekuwa kijani," alisema.

"Kijani ni nzuri?"

"Wamepiga makofi."

"Alhamdulillahi, angalau wamefurahi." Alimtazama usoni. "Na kwako? Yule mgeni kafika?"

"Tangu Jumamosi. Mke wangu anasema anapanda hadi dirisha la jikoni."

"Simu yako si wameifungia?"

"Wameifungia."

Um Rakani alitikisa kichwa, si kwa kushangaa. Alitoa mkono chini ya blanketi akahesabu kwa vidole siku zilizobaki za Februari.

"Hita yako iko kwenye hali gani?"

"Nzuri. Ina miaka miwili tu."

"Basi usingoje, mwanangu. Iuze wiki hii wakati bado kuna baridi. Mwezi wa tatu hakuna anayenunua hita."