Mwonjaji wa Bwana Mdogo

Jikoni mwa nyumba ile kulikuwa na sheria moja: sufuria moja, chakula kimoja, asiyetaka na alale. Aliyeitunga ni mama mwenye nyumba, na ilimhusu kila kiumbe isipokuwa mbwa. Mbwa alikuwa na sufuria yake, mwiko wake na bakuli lake la udongo lililosuuzwa kwa maji ya moto. Tumbo lake, maskini, halikuvumilia mafuta, chumvi wala kitunguu. Daktari wa mifugo alikuwa ameagiza kuku asiye na ngozi, wali uliorojeka na karoti za kuponda, na apewe kidogo kidogo.

Kazi hiyo ikamwangukia Shangazi. Alikuwa shangazi wa baba mwenye nyumba, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na sasa ilikuwa zamu yake kulelewa, kama neno hilo linafaa kutumika hapa. Meno yalikuwa yamemwisha. Siku aliyong'oa la mwisho aliuliza, kwa sauti ya kuomba radhi, kama angeweza kuchemshiwa kitu laini.

"Shangazi, hapa si hospitali," mke wa mpwa wake akamjibu huku akitafuna nyama ya kuchoma. "Chovya mkate kwenye chai. Na kwa vile huna kazi, utanipikia chakula cha mwanangu."

Mwanangu ndiye mbwa. Shangazi alimwita Bwana Mdogo, na si kwa mapenzi.

Sasa mtu atafanyaje? Njaa inamkwangua tumbo, na mbele yake kuna kuku anayeachana kwa ncha ya kijiko. Angepika chakula kingi zaidi, lakini mama mwenye nyumba alikuwa akipima kila kitu kwa kikombe kabla ya kwenda kazini. Basi Shangazi alipiga moyo konde, akakaa sakafuni, akatia mkono kwenye bakuli. Bwana Mdogo alipoleta pua, alipigwa kofi la pua. Alipoleta tena, akapigwa tena. Shangazi alikula nusu, akapangusa midomo, ndipo akamsogezea. Mbwa yule alikuwa mwepesi wa kujifunza kuliko watoto wengi. Haukupita muda mrefu akawa hagusi bakuli mpaka amwone Shangazi ametafuna kwa ufizi na kumeza. Akila kidogo, husimama na kumtazama, kumpa nafasi ya kuendelea.

Siku ya mapumziko mama mwenye nyumba alitaka kumlisha mwenyewe. Mbwa akageuza uso. Akabembelezwa, akaimbiwa, wapi. Mama wa watu akaanza kulia machozi ya kweli.

"Ndivyo walivyo wenye tumbo bovu, mwanangu," Shangazi alisema taratibu. "Anaogopa sumu. Lazima aone mtu ameonja."

Uongo ule ulimtoka laini kuliko wali. Tangu siku hiyo kuonja kukawa kazi rasmi, tena ya kushukuriwa. Shangazi akaanza kunawiri. Mashavu yakajaa, usingizi ukarudi, hata kicheko kikarudi. Hakumwibia mtu, alijiambia. Labda mbwa, na mbwa hana pa kwenda kushtaki.

Lakini mbavu za mbwa zilishtaki. Daktari alipokuja alimpapasa, akamsikiliza, akacheka.

"Tumbo limepona zamani. Huyu ana njaa tu. Sasa anaweza kula hata chakula kikavu."

Mama mwenye nyumba alimtazama mbwa, kisha akayatazama mashavu ya Shangazi. Angefoka ingekuwa nafuu, maana kelele za nyumba ile Shangazi alizizoea. Alichukua ufunguo wa gari, akatoka, akarudi na mfuko wa chakula kikavu cha mbwa, vipande vya mviringo vigumu mithili ya kokoto. Sufuria ya mbwa aliisugua, akaifungia kabatini.

Akamimina bakuli likajaa. Bwana Mdogo akanusa, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Shangazi.

"Mwonjee, Shangazi. Si anaogopa sumu?"

"Mwanangu, hivi siviwezi. Sina..."

"Kumbe huna meno! Na kuku ulikuwa unamla kwa meno gani?"

Shangazi alitia kipande kimoja mdomoni, akakinyonya, akakizungusha. Kilikuwa na chumvi na harufu ya damu iliyokauka. Alijaribu kukificha chini ya ulimi, lakini mbwa hakudanganyika. Macho yake hayakubanduka kooni mwa Shangazi. Hivyo ndivyo alivyofunzwa.

Mlango ukafunguliwa, mpwa akaingia kutoka kazini. Alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti na shangazi yake sakafuni, mate yakimchuruzika. Shangazi alimwinulia uso. Huyu alikuwa mtoto wa kukataa chakula, wa kutapika kila anachopewa, na yeye Shangazi alimtafunia kila tonge kwa meno yake mpaka akasimama. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliona tumaini. Huyu hawezi kuniacha, aliwaza.

"Kuna nini?" mpwa akauliza.

"Mwanao hajala tangu asubuhi," mkewe akajibu. "Anamngoja Shangazi ameze."

Mpwa alitazama bakuli, akamtazama shangazi yake, halafu akainama kufungua kamba za viatu.

"Basi meza, Shangazi. Usimtese mnyama."

Shangazi akameza. Kipande kilishuka kikimparuza koo, machozi yakamtoka bila kulia. Bwana Mdogo akatikisa mkia, akainamisha kichwa, akala kwa furaha. Kisha akasimama, akarudi nyuma, akamtazama usoni kwa upole, akimpa nafasi.

Mama mwenye nyumba akalisukuma bakuli kwa mguu mpaka likagusa goti la Shangazi.